Pakiti Imefia Wapi?

Mhadhiri wetu wa mitandao alipiga marufuku sentensi moja maabara: "Mtandao haufanyi kazi." Ukiitamka anakutoa nje, urudi na nyingine yenye kichwa na miguu. Taa ya kwenye swichi inawaka? Umepata anwani? Ruta ya humu ndani inajibu? Ya nje je? Maswali yake yote yaliishia kwenye moja, ambalo tulilizoea hadi tukawa tunamwigiza hosteli kwa sauti yake ya puani: "Vijana, pakiti imefia wapi?" Pakiti ni kifurushi kidogo cha data; swichi huunganisha kompyuta za humo ndani, ruta huzipeleka pakiti nje, na anwani ni namba ya kompyuta mtandaoni.

Kwenye ratiba somo liliandikwa Mifumo ya Mawasiliano ya Data na Mitandao ya Kompyuta, mwaka wa pili. Wengi tuliingia tukidhani tutafundishwa kufunga Wi-Fi na kufungua nywila za majirani. Wiki za kwanza zikatukata maini. Masafa, desibeli, logi, mawimbi yanayopanda na kushuka ubaoni. Wapo walioanza kuhesabu sapu (mitihani ya marudio) kabla ya jaribio la kwanza, na mmoja aliomba kuhamia kozi ya biashara akisema hakuja chuoni kusoma fizikia tena.

Leo naona wiki zile ndizo zilizonilipa. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon, akiwa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu Marekani, alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo cha biti (zile 0 na 1) inazoweza kupitisha kwa sekunde bila makosa, na kikomo hicho hakijali ujanja wa fundi. Kinategemea upana wa masafa, na ni kwa kiasi gani ishara inaizidi kelele. Tulipewa laini ya simu ya mezani: upana wa hezi 3,100, nguvu ya ishara ikiizidi kelele mara 1,000. Ukipiga hesabu unapata karibu biti 30,900 kwa sekunde. Modemu za zamani za kupiga simu, laini ikiwa ya analogi pande zote mbili, zilifika 33,600 kwenye laini safi zaidi, zikagota hapo. Mimi nilikulia mahali ambapo kitu kikiwa polepole, basi kuna mtu mvivu au mwizi. Hapa nikakutana na kitu kilicho polepole kwa sababu maumbile yamekataa, na ningeweza kuthibitisha hivyo kwa penseli.

Richard Hamming naye alinifurahisha kwa hasira zake. Alikuwa hapohapo Bell Labs, akiacha kazi zake kwenye mashine mwishoni mwa wiki, na mashine ikigundua kosa ilikuwa inaitupa kazi yake na kuendelea na ya mwingine. Akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue lilipo ilirekebishe? Jibu lake alilichapisha mwaka 1950. Tulilifanya kwa mkono, biti saba, nne za ujumbe na tatu za ulinzi, na mara ya kwanza hesabu iliponionyesha biti iliyogeuzwa na mwenzangu kwa siri, nilimshuku kwamba amenionyesha kwa macho.

Kisha yakaja matabaka saba ya OSI, mfano wa kupanga kazi za mtandao kuanzia waya hadi programu. Haya kila mwanafunzi wa fani hii ameyakariri, na nadhani wengi tumeyakariri vibaya, maana hufundishwa kana kwamba mahali fulani kuna mashine yenye rafu saba. Haipo. ISO, shirika la kimataifa la viwango, ilichapisha mfano huo mwaka 1984, wakati ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ilikuwa imeshahamia TCP/IP, kanuni za kupeleka pakiti, tangu tarehe 1 Januari 1983, na intaneti ya leo inatembea kwa TCP/IP. Faida ya yale matabaka niliiona baadaye: ni utaratibu mzuri wa kushuku. Anza chini kwenye umeme na waya, panda kwenye swichi, panda kwenye anwani, na programu ya mtumiaji iwe ya mwisho kusingiziwa.

Huku chini kwenye waya mwalimu wetu halisi alikuwa fundi sanifu wa maabara, mzee mmoja tuliyemwita Babu. Mhadhiri alitupa mpangilio wa rangi za kubana vichwa vya RJ45, zile plagi za kebo ya mtandao: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Babu yeye alileta kebo mbili kutoka maboksi tofauti, zote zimeandikwa Cat 5e, yaani daraja moja, akazikwangua kwa wembe. Moja ilikuwa shaba mpaka ndani. Ya pili, chini ya rangi ile ya shaba, ilikuwa nyeupe: alumini iliyopakwa.

"Hii mtauziwa bei poa Kariakoo," alisema. "Ukiivuta mita kumi na tano itakuchekea. Ivute themanini."

Kiwango kinaruhusu mita 100 kwa kebo ya shaba, lakini alumini inazuia umeme zaidi, ishara inafika imechoka, na ukiipitishia pia umeme wa kulisha kamera au antena ya Wi-Fi inapata joto. Balaa lake ni kwamba haikatiki kabisa. Inapoteza pakiti chache, leo mbili kesho kumi, nawe unamaliza wiki nzima ukilaumu ruta. Mpaka leo nikienda kununua kebo nabeba wembe. Kuna wauzaji wanaoniona nakuja wakaguna.

Sura ya anwani niliielewa kwa sababu ya mkasa wa hosteli yetu.

Jioni moja, wiki ya kukusanya kazi, intaneti ya waya ikaanza kupotea, tena kwa namna ya kushangaza. Chumba hiki ipo, cha pili haipo. Anayelala kitanda cha juu anafungua tovuti, wa chini hafungui, na wote wamechomeka kwenye swichi ileile. Mtu akizima laptopu akaenda kuoga, akirudi na kuiwasha hapati tena. Maelezo yakawa mengi: bando la chuo limeisha, watu wa TEHAMA wametufungia kwa sababu ya kupakua sinema, kuna aliyeingiza kirusi. Kiongozi wetu wa jengo akaanza kuorodhesha majina apeleke malalamiko.

Sisi wachache wa darasa la mitandao tukajikusanya, nusu kwa kiherehere, nusu kwa kutaka kuonekana tunajua. Taa za swichi zinawaka, kwa hiyo waya upo. Anwani ipo. Hapo tungeweza kuruka hatua, lakini mwenzetu mmoja mwenye macho akaiangalia ile anwani vizuri. Hosteli yetu anwani zilianza na 10. Ya huyu aliyekosa ilikuwa 192.168.0 na kitu. Tukaenda kwa mlalamikaji mwingine: 192.168.0. Mwingine tena: hivyohivyo. Waliokuwa na 10 wote walikuwa wanapeta.

Kompyuta ikiwashwa haina anwani. Inatangaza kwa kila aliyeko kwenye waya ule: nani anagawa anwani hapa? Seva ya chuo inajibu, inaikopesha anwani kwa muda, na kuielekeza ruta ya kutokea nje. Itifaki hiyo, DHCP, haidai kitambulisho. Anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Darasani tulikariri hatua zake nne kwa herufi zake, DORA (Discover, Offer, Request, Acknowledge), na swali la mtihani lilikuwa zitaje kwa mpangilio. Hakuna aliyewahi kutuuliza itakuwaje wakijibu wawili.

Nasi tulikuwa na wawili. Yule wa pili alikaa karibu kuliko seva ya chuo, akawa anawahi. Wenye anwani za tangu asubuhi waliendelea kustarehe hadi mkopo ulipokwisha au walipozima mashine, ndiyo maana tatizo lilienea kidogokidogo, kitanda kwa kitanda.

Tukaipigia ping 192.168.0.1, ile ruta waliyoelekezwa walalamikaji, yaani tukaiita na kupima inachukua muda gani kujibu. Jibu likarudi chini ya milisekunde moja, maana yake mgawaji huyo yumo humohumo jengoni. Amri ya arp ikatupa anwani yake ya MAC, namba ya kifaa chenyewe, ambayo baiti zake tatu za mwanzo hutaja kiwanda. Tukazitafuta kwenye simu, ikaonekana ni kampuni inayotengeneza ruta ndogo za nyumbani. Kuujua mlango ndiyo kazi ilibaki. Swichi huweka jedwali la kila MAC na tundu iliyoingilia, lakini mwanafunzi haruhusiwi kuligusa, kwa hiyo tukampigia simu Babu.

"Shikamoo Babu, samahani kwa usiku huu."

"Marahaba. Semeni, mmeharibu nini?"

Tukamsomea ile MAC. Akaingia kwenye mfumo akiwa nyumbani kwake, akanyamaza kidogo, akatutajia namba ya tundu. Ghorofa ya pili, chumba cha kona.

Mwenye chumba alikuwa mwanafunzi wa kilimo, mpole sana, aliyenunua ruta bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) lilipoingia ili simu yake ipate Wi-Fi. Kebo ya ukutani alikuwa ameichomeka kwenye tundu la LAN, la kugawa intaneti ndani, badala ya WAN, la kuipokea kutoka nje. Yeye mwenyewe hakuwa amepata intaneti hata kidogo. Alidhani ameuziwa kibovu, akakiacha kinawaka mezani, akaendelea na vitabu vyake. Tulipomweleza akatutazama kwa mshangao wa dhati: "Sasa hiki kidude kimemfanya nini mtu wa ghorofa ya nne?" Tukahamisha kebo kwenye tundu la WAN. Wiki iliyofuata swichi zikawekewa ulinzi unaokataa majibu ya DHCP yasiyotoka kwenye tundu la seva. Ulinzi huo ulikuwemo ndani ya swichi zile tangu ziliponunuliwa, umezimwa.

Kugawa mitandao midogo kwa mkono sitalisemea sana. Ukijua kwamba mtandao mdogo ulioandikwa /26 unakupa anwani 64, mbili haziguswi, zinabaki 62 za vifaa, mengine ni mazoezi. Wanaosema siku hizi kuna vikokotoo vya kufanya hivyo wasubiri wawe juu ya ngazi, chaji imeisha, na mkuu wa ofisi yuko chini anauliza bado.

Kitu kilichochelewa kuniingia kichwani ni tofauti ya kasi na ucheleweshaji. Mtaani tunazichanganya: mtandao una kasi, au hauna. Mhadhiri alituchorea setilaiti. Zile zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mawimbi yakipanda na kushuka yanasafiri zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu robo sekunde. Jibu nalo lipande lishuke. Ongeza muda wa mitambo unafika kama milisekunde 600 kwenda na kurudi, na hakuna fedha inayoweza kuzipunguza.

Halafu akatuuliza: ofisi imekodi megabiti 2 za setilaiti, faili moja inashushwa, kwa nini haifiki megabiti 1? Wengi tulijibu kwamba kuna wanaoiba. Yeye akaandika: TCP ya zamani hupeleka mzigo usiozidi baiti 65,535, kisha inasubiri risiti ndipo iendelee. Gawanya kwa sekunde 0.6. Unapata baiti 109,000 hivi kwa sekunde, kama kilobiti 870, na zilizobaki unazilipia zikiwa zimelala. Marekebisho yalikuwa yameandikwa tangu 1992, ya kukuza ule mzigo, lakini kompyuta nyingi kuukuu hazikuwa zinayatumia. Alisema kabla ya SEACOM kuwashwa Julai 2009 na kutufikisha kwenye nyaya za baharini, swali hilo halikuwa la mtihani, lilikuwa la kila Jumatatu asubuhi.

Kwenye nyaya za mwanga mwendo ni kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hapo nikapata kanuni ninayoitumia karibu kila siku kazini: kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Mtu akikuambia seva yake iko Ulaya na ping inarudi kwa milisekunde 3, unayeongea naye hayuko Ulaya. Kuna nakala yake hapa mjini. Na ofisi ya mtaa wa pili ikijibu kwa milisekunde 180, basi huenda pakiti zako zimetoka nje ya nchi na kurudi.

Kuna pakiti nyingine hazifi kwa umbali wala kwa waya. Zinafia foleni. Ruta ina nafasi kidogo ya kuhifadhi zinazosubiri, ikijaa inazitupa, na zamani kila mtumaji aliyekosa risiti alituma tena palepale na kuongeza msongamano. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Arobaini tu! Van Jacobson na Michael Karels wakairekebisha TCP iwe na adabu: ukiona pakiti zinapotea, punguza mwendo, ongeza taratibu. Mimi huwa nasema huu ndio ustaarabu mkubwa kuliko wote ulioandikwa kwa programu, kwa sababu unafanya kazi bila askari wa kuusimamia. Wenzangu wa kazini wamechoka kunisikia.

Nilipohitimu nikaangukia ofisi moja Morogoro, chumba cha seva chenye feni badala ya kiyoyozi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 simu zikaanza kuita. Bosi, wahasibu, hata shangazi yangu ambaye hana uhusiano wowote na ofisi. Nikaanza kama nilivyofundishwa. Taa sawa, anwani sawa, ruta ya mtoa huduma inajibu. Tovuti zilizowekwa kwenye seva za Dar es Salaam zikafunguka kama kawaida. Za nje, kimya. Nikafuatilia njia hatua kwa hatua kwa traceroute, pakiti zikawa zinatoka vizuri mpaka ukingoni mwa nchi, baada ya hapo nyota tupu, alama ya kwamba hakuna anayejibu.

Baadaye habari zikatoka kwamba nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zimekatika zote mbili, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nchi nyingi za ukanda wetu zikayumba. Watu waliuliza kwa nini mizigo isipelekwe kaskazini, na hilo lilikuwa swali zuri: Februari ya mwaka huohuo nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika kwenye Bahari ya Shamu, ukiwemo upande wa SEACOM unaoelekea Misri. Kusini ndiko kulikokuwa kumebeba mzigo. SEACOM na EASSy zina wenye tofauti na majina tofauti, lakini kule Afrika Kusini zote mbili zinatokea nchi kavu kwenye mji mmoja mdogo wa pwani, Mtunzini.

Wiki zilizofuata bosi akaidhinisha fedha za mtoa huduma wa pili, ili mmoja akianguka mwingine atushike. Wakaja vijana wawili wa mauzo wamevaa tai, wakaniwekea mezani kipeperushi chenye ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99.9. Nikapiga hesabu mbele yao: asilimia 0.1 ya mwaka ni saa 8 na dakika 45 hivi. Wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikawauliza hizo megabiti zao zinatoka nchini kwa waya upi, zinashukia wapi, na kama nguzo zinazoleta waya wao hadi Morogoro ndizo zilezile za mtoa huduma wetu wa kwanza.

Mkubwa wao akasema wao wana mtandao wao wenyewe.

Nikamwambia kaka, naomba unichoree.

Akachora mstari kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, akafika baharini kalamu ikasimama. Alikuwa muungwana, hakubuni kitu. Akasema atamuuliza mhandisi. Mkataba bado haujasainiwa. Mhandisi wao alinipigia, tukazungumza karibu saa nzima, na ikatokea kwamba nchi kavu wanapita njia yao tofauti kabisa na ya mtoa huduma wetu, ila baharini wananunua kwenye waya uleule. Bosi anataka kujua tufanye nini. Nimemwandikia ukurasa mmoja wenye bei mbili: ya kwanza ya kutulinda na jembe la mkandarasi wa barabara, ya pili, ghali zaidi, ya kutulinda na nanga ya meli. Ameniita Alhamisi nikamweleze kwa nini jembe ndilo linalotukata mara nyingi zaidi.